Kifuniko cha Namba Tano

Lidcombe, 1 Septemba 2025

Kwa Katibu wa Jumuiya, Parramatta

Dada Chepkoech,

Kwa masikitiko makubwa, na baada ya kutafakari siku tatu mfululizo bila kupumzika isipokuwa kula na kulala, ninaitangazia Jumuiya yetu ya wazungumzaji wa Kiswahili hapa Sydney kwamba Ijumaa iliyopita nilikwenda Cabramatta, kwenye gereji ya Mwenyekiti, kuazima sufuria namba tano, na nikarudi na sufuria namba tano yenye kifuniko kisichokuwa chake.

Kifuniko hicho ni kidogo kwa vidole viwili. Hakifuniki, kinatumbukia. Kilitumbukia kwenye maharage ya watu arobaini, na mke wangu Généreuse alikiopoa kwa miiko miwili mbele ya wageni.

Najua utasema Murhula ameanza tena. Lakini nimefanya uchunguzi. Kila mwaka wanajumuiya humchagua Mwenyekiti kwa kusimama foleni nyuma ya mgombea wanayemtaka. Kwa kuwa mgombea ni Mzee Dieudonné peke yake, foleni ni moja, inaanzia mgongoni kwake na kuishia kwenye mlango wa choo cha ukumbi. Waliosimama karibu naye mwaka jana wanaazimwa sufuria namba moja mpaka nne, zenye mikono yote miwili. Mimi nilichelewa kuinuka kwa sababu ya mgongo. Nilipiga kura nikiwa nimeshika kitasa cha choo. Sasa hesabu mwenyewe.

Huo mgongo ndio umeniweka nyumbani wiki ya sita hii. Niliuumiza kazini, ghalani, na daktari amenikataza kuinua zaidi ya kilo tano. Kwa hiyo nasoma. Kitabu nilichokichukua maktaba kinahusu Amerika ya miaka ya 1870 hadi 1900. Sikukichagua, kilikuwa kwenye rafu iliyo sawa na kifua changu, na kuinama pia nimekatazwa. Humo kuna reli, viwanda vya chuma, moshi, na matajiri wenye ndevu. Halafu kuna mabosi wa mijini. Mgeni akishuka melini New York, hajui lugha wala mtu, bosi wa mtaa anampa makaa ya mawe wakati wa baridi, anamtafutia kijana wake kazi, anafika msibani kabla ya padri. Anaomba kitu kimoja tu, kura.

Nilipofika hapo nilimwita Généreuse aje asome habari za Mzee Dieudonné. Aliuliza kama kuna picha.

Sababu ya kuandika ni hii. Binti yangu Falone anaolewa tarehe 22 Novemba. Wageni ni mia tatu. Nahitaji sufuria zote kumi na nne za Jumuiya, kila moja na kifuniko chake, na sitaki binti yangu aolewe kwa kutegemea mimi nilisimama wapi kwenye foleni.

Sufuria nimeirudisha. Kifuniko nimekizuia kama ushahidi.

Wako katika haki,
Murhula


Parramatta, 9 Septemba 2025

Mzee Murhula,

Barua yako imechukua siku sita. Kutoka Lidcombe mpaka hapa, mtu na kifuniko chake mkononi angefika kwa treni kabla chai haijapoa. Lakini hiyo ndiyo maana ya kifungu cha tisa. Tangu tufunge grupu la WhatsApp kwa sababu ya yale matusi ya 2022, malalamiko yote yanaandikwa kwa kalamu na kutumwa kwa posta, ili hasira ipoe njiani. Yako nimeifungua ikiwa bado inachemka.

Kuhusu foleni, usidhani sielewi. Mimi ni Mkenya. Mwaka 1988, kabla sijazaliwa, kwetu watu walipiga kura kwa mlolongo. Mama yangu alisimama Kericho kwenye mlolongo uliofika mpaka mtoni, akatangaziwa kwamba umeshindwa na ule mfupi. Mpaka leo akiona watu wamejipanga benki anauliza nani ameshinda.

Kwa hiyo ukitaka katiba ibadilishwe, leta pendekezo kwa maandishi kabla ya mwisho wa mwezi huu. Mkutano wa uchaguzi ni Jumamosi, tarehe 8 Novemba. Harusi yako ni wiki mbili baadaye. Ningekuwa wewe, mzee wangu, ningeoza binti kwanza, ndipo nipindue serikali.

Kifuniko ni mali ya Jumuiya. Kirudishe tafadhali.

Chepkoech
Katibu


Lidcombe, 16 Septemba 2025

Dada Katibu,

Pendekezo langu ndilo hili. Lisome ukiwa umekaa, ingawa najua shifti zako za kutunza wazee haziruhusu kukaa.

Zamani Wamarekani nao walipiga kura hadharani. Kila chama kilichapisha karatasi zake, mara nyingi zenye rangi yake, hata mtu aliyesimama ng'ambo ya barabara angeona umemchagua nani. Msimamizi wako wa kiwandani akiona rangi asiyoipenda, kesho yake mashine yako ina mtu mwingine. Watu wakachoka. Kuanzia mwaka 1888 wakabadilisha, jimbo moja baada ya jingine: karatasi moja iliyochapishwa na serikali, majina yote juu yake, na mahali pa faragha pa kuweka alama.

Na unajua walikipa jina gani kitu hicho? Kura ya Kiaustralia. Nimeisoma sentensi hiyo mara tatu. Wenyeji wa huku walikuwa nayo tangu miaka ya 1850, Wamarekani wakaiga. Donc, yaani, Wamarekani walilitafuta wazo hilo kutoka upande wa pili wa dunia, na sisi, ambao tumeletwa kwa ndege mpaka lilikozaliwa, tumejipanga kuelekea chooni.

Naomba pazia, meza, penseli na sanduku. Basi.

Uelewe kwamba mimi si mgombea. Mgongo wangu hauruhusu cheo.

Kifuniko kiko salama, kwenye bahasha kubwa.

Murhula


Cabramatta, 24 Septemba 2025

Papa Falone, ndugu yangu mpendwa,

Nakusalimia kwa jina la Bwana, wewe na Mama Falone. Mimi na mke wangu Marie-Jeanne tuko wazima, isipokuwa kiuno changu, lakini hicho ni cha siku nyingi.

Chepkoech amenionyesha pendekezo lako. Vraiment, kweli kabisa, umeandika vizuri. Mtu apige kura pasipo mtu kumwangalia! Kwa nini hatukufikiria mapema? Nimelitia sahihi siku hiyohiyo. Marie-Jeanne ameahidi pazia, lile la maua mekundu.

Sufuria za harusi ya Falone nimeshaziweka upande, zote kumi na nne. Usiwe na wasiwasi hata kidogo.

Nina swali dogo. Nyumba yako ina gereji? Kama haina, baraza lako lina upana gani? Na mgongo unaendeleaje, siku hizi unaweza kuinua kilo ngapi? Nauliza tu.

Ndugu yako,
Dieudonné


Lidcombe, 30 Septemba 2025

Dada Katibu,

Naambatanisha nakala ya barua ya Mwenyekiti. Isome polepole.

Mtu mwenye madaraka anapolipenda pazia la kumwondolea madaraka, ujue pazia lina tundu. Halafu hayo maswali. Anauliza gereji, anauliza upana wa baraza, anauliza naweza kuinua kilo ngapi. Mtu anayekuuliza hivyo hakujali. Anakupima kwa ajili ya jeneza. Na katikati ya vitisho ameniwekea sufuria kumi na nne, ili nikae kimya. Yote haya yamo kitabuni. Bosi hakuwahi kumpiga mtu kabla hajajaribu kumlisha.

Nimeamua kugombea.

Sitaki uniambie nilisema sitagombea. Amerika pia mambo yalikwenda hivyohivyo. Mwaka 1881 rais wao alipigwa risasi na mtu aliyejiona amenyimwa kazi ya serikali, na miaka miwili baadaye ikatungwa sheria ya kuwapa watu kazi kwa mtihani badala ya kujuana. Mageuzi yanahitaji mtu wa kuyaanzisha. Mimi risasi sina. Nina kifuniko.

Généreuse ameniambia waziwazi kwamba atampigia Mzee Dieudonné, kwa sababu yule akiombwa chumvi anajua iliko. Nimemkumbusha kwamba kura ni siri. Amesema kwake si siri.

Jambo jingine la kushangaza: maktaba wamenitaka nirudishe kitabu, kuna mtu mwingine amekiomba. Sijui ni nani hapa Sydney mwenye haraka na mambo hayo. Nimeishia ukurasa wa 214, ambapo mageuzi yanaanza kushinda. Ya mbele nayakisia.

Murhula
Mgombea


Lidcombe, 7 Oktoba 2025

Kwa Mwenyekiti, Cabramatta

Mheshimiwa,

Nimepokea barua yako. Kuhusu gereji, baraza na mgongo wangu, sina jibu, kwa msimamo.

Nagombea nafasi yako. Kuanzia leo naomba tuwasiliane kwa barua ya posta tu, kwa mujibu wa kifungu cha tisa. Ukinipigia simu sitapokea. Ukija mlangoni nitakukaribisha chai, kwa kuwa ni desturi, lakini sitazungumza.

Murhula


Parramatta, 20 Oktoba 2025

Mzee Murhula,

Wagombea ni wawili, wewe na Mzee Dieudonné. Utaratibu umekamilika, isipokuwa jambo moja ambalo kitabu chako labda hakikukuambia kufikia ukurasa wa 214. Nimesoma kidogo kwenye simu wakati wa mapumziko kazini. Ile kura ya Kiaustralia ilipofika Amerika, watu wengi wasiojua kusoma waliachwa nje, maana sasa kulikuwa na karatasi ya kusoma. Mahali pengine hilo ndilo walilolitaka. Sisi tuna akina mama kama Mama Kubwimana, ambaye amelea watoto saba na anahesabu kuliko mimi, lakini herufi hana. Kwa hiyo kwenye karatasi tutaweka picha za wagombea.

Ndipo tabu ikaanza. Picha uliyoniletea ni ile ya kadi ya kambi ya wakimbizi, ya mwaka 2009. Unaonekana kama mtu aliyeambiwa arudi kesho. Nimeuliza mara mbili kama unayo nyingine na umenijibu kwamba hiyo inaonyesha uso wa ukweli. Sawa.

Mzee Dieudonné naye alileta picha akicheka, ameikumbatia sufuria namba moja. Nikamwambia hiyo ni kampeni. Akaomba radhi, akaleta nyingine. Kwenye hiyo hacheki, hana sufuria, amegeuza uso pembeni, na kofia imemfika kwenye nyusi. Nikamwambia baba, hapa hata mimi sikutambui. Akaniambia, "Iache hiyohiyo, binti yangu. Ni nzuri sana."

Tena hafanyi kampeni yoyote. Kila anayekwenda kuazima kitu anamwambia kwamba Murhula ni mtu wa kusoma, na kwamba bado ana nguvu. Sijui ana mpango gani.

Kifuniko.

Chepkoech


Parramatta, 10 Novemba 2025

TANGAZO RASMI

Katika uchaguzi uliofanyika Jumamosi, tarehe 8 Novemba, ukumbini Lidcombe, kwa pazia la maua mekundu, wanajumuiya sitini na wawili walipiga kura. Matokeo ni haya:

Murhula, kura thelathini na moja.
Dieudonné, kura thelathini.
Kura iliyoharibika, moja. Imeandikwa: Wote wawili wakae chini.

Murhula ndiye Mwenyekiti mpya. Hongera, mzee wangu. Ulipotoka nje bila kuhutubia nilidhani unalia.

Chepkoech
Katibu


Lidcombe, 12 Novemba 2025

Dada Katibu,

Nilikuwa natafuta hewa.

Nakuandikia jambo ambalo kwa katiba yetu mpya huruhusiwi kulijua. Nilipoingia nyuma ya pazia nilikuwa na hotuba mfukoni, kurasa nne. Nikaona zile picha mbili. Mimi nilikuwa nimejikazia macho. Yule mzee alikuwa amegeuka pembeni na kofia yake, kama anayesubiri basi ambalo limeshapita.

Nikakumbuka Julai 2014, katikati ya baridi ya huku. Tulitua hapa tukiwa na mifuko ya plastiki na ndala, Falone anatetemeka meno. Mtu wa kwanza kutuita kwa Kiswahili uwanja wa ndege alikuwa Dieudonné. Alikuwa na makoti matano mkononi. Hakujua vimo vyetu, kwa hiyo alileta ya vimo vyote. Kwenye gari kulikuwa na sufuria ya maharage imefungwa kwa blanketi, bado ya moto. Kifuniko chake kilikuwa kinakaa sawasawa. Siku ile sikukiangalia kifuniko.

Basi nikaishika penseli nikampigia yeye. Généreuse kampigia yeye pia, na hasemi uongo. Kwa hiyo nyumba hii yote ilimchagua Dieudonné, na nyumba hii ndiyo imeshinda. Nani hao thelathini na moja? Nimeanza kuwaangalia watu kanisani kwa namna isiyo ya kikristo.

Sina la kufanya ila kuongoza. Sufuria zibaki Cabramatta mpaka siku ya harusi, halafu tutapanga makabidhiano. Mwandikie hivyo. Mimi bado naona aibu.

Jumamosi tunakwenda Wollongong kwa familia ya Armel, mkwe wangu mtarajiwa, kumalizia mazungumzo ya harusi. Tutarudi Jumanne.

Murhula


Cabramatta, Jumapili, 16 Novemba 2025

Papa Falone, Mwenyekiti wangu,

Acha nikuite hivyo tena: Mwenyekiti wangu. Nilivyolala usingizi Jumamosi ile, Marie-Jeanne alikuja kusikiliza kama napumua.

Sasa nitakuambia ukweli. Nimetaka kuacha tangu mwaka 2017. Kila mwaka naandaa maneno ya kuaga, na kabla sijafungua kinywa watu wameshasimama nyuma yangu. Utawaambiaje watu sitini walioko mgongoni mwako kwamba hutaki? Nilifikiri kusimama nyuma ya mtu mwingine, lakini nikisogea na foleni inasogea. Mwaka juzi nilizunguka ukumbi mzima, wakazunguka nami, wakadhani ni furaha.

Ulipoleta pazia nilijua ni Mungu. Mimi nimekupigia kura wewe. Marie-Jeanne amekupigia wewe. Wengine niliwaomba mmoja mmoja walipokuja kuazima, na nilimwambia kila mmoja kwamba sufuria hazitahama, ni jina tu linabadilika. Hapo nilidanganya kidogo. Nitaungama.

Kile kitabu chako nilikiomba mimi, watu wa maktaba ya Cabramatta wakakiagiza kutoka Lidcombe. Nilikisoma na kamusi mpaka mwisho. Bon, sifichi, nimejifunza mengi. Mabosi wale walijijengea majumba. Wengine hata baada ya pazia waliendelea kushinda miaka mingi. Mimi miaka tisa ya ubosi imenipa kiuno kibovu na gari linalolala nje kwenye mvua, kwa sababu gereji ina sufuria. Nilimsomea Marie-Jeanne, akaniuliza tulikosea wapi.

Hukunijibu habari ya gereji na umenikataza simu, nami naheshimu kifungu cha tisa. Barua yako mpya, kama ipo, bado haijafika. Kwa hiyo leo baada ya misa nimekodi trela nikakuletea vyote mwenyewe: sufuria kumi na nne, vifuniko, mahema mawili, miiko yote. Nimebonyeza kengele, hakuna mtu. Ngazi zako ni za ghorofa tatu na kiuno kimekataa. Nimepanga kila kitu vizuri kwenye majani mbele ya jengo lenu, kando ya barabara. Sikuogopa, kwa sababu majirani zako nao wameweka vyao nje pale pale, magodoro, friji, televisheni, na hakuna anayegusa. Nimefurahi kuona unaishi mtaa wenye kuaminiana namna hiyo.

Naituma barua hii kesho asubuhi. Marie-Jeanne anafagia gereji na kuimba.

Ndugu yako, mtu huru,
Dieudonné


Lidcombe, Alhamisi, 20 Novemba 2025

Dada Katibu,

Naleta barua hii kwa mkono na kuipenyeza chini ya mlango wako. Ninavunja kifungu cha tisa nikiwa na akili timamu.

Barua ya Mzee Dieudonné ya Jumapili imenifikia leo. Utaikuta humu ndani. Soma kuanzia neno trela.

Jengo letu lilikuwa limeitisha gari la kaunsili, yaani manispaa, la kuzoa vitu vikuukuu. Wapangaji walitoa vyao Jumapili. Gari lilipita Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi. Sisi tulikuwa Wollongong, tukikubaliana kuhusu idadi ya kuku. Niliporudi Jumanne nilikuta majani ya kando ya barabara safi kabisa, nikamwambia Généreuse kwamba hapa ndipo mahali ambapo utawala unafanya kazi.

Nimewapigia kaunsili. Mama wa upande ule alikuwa mpole sana. Aliniuliza kama ni vyombo vya chuma au vya alumini, nikasema alumini, akasema basi nifurahi, maana vinayeyushwa na kutumiwa tena.

Mzee Dieudonné hajui. Sitaki ajue kabla ya harusi. Amelala vizuri mara moja tu katika miaka minane.

Harusi ni keshokutwa. Wageni mia tatu, na mimi ni Mwenyekiti, na yeyote atakayeuliza sufuria ziko wapi ataniuliza mimi. Falone ameona uso wangu akauliza, kwa Kiingereza, nani amekufa.

Nifanye nini, dada yangu?

Murhula


Parramatta, Jumatatu, 24 Novemba 2025

Mwenyekiti,

Harusi imepita na sauti yangu imepita nayo, kwa hiyo kuandika kunanifaa.

Naweka kwenye kumbukumbu kwamba Ijumaa nami nilivunja kifungu cha tisa. Niliomba ruhusa kazini, nikakaa kwenye kiti cha mzee mmoja aliyekuwa anaoga, nikawapigia simu wanajumuiya wote. Niliwaambia kila nyumba ipike kitu kimoja na kukileta kwenye sufuria yake. Nilitegemea maswali. Hakuna aliyeuliza, isipokuwa kama nataka nyama au wali.

Nimehesabu sufuria thelathini na nane mezani, zote na vifuniko vyake. Sita zilikuwa kubwa kuliko namba moja. Ile ya Mama Kubwimana ilibebwa na wanaume wawili. Imekaa uvunguni mwa kitanda chake tangu afike Australia. Nikamwuliza, mama, na kila mwaka unakwenda Cabramatta kuazima?

Akaniambia, "Hakuna aliyeniuliza kama ninayo."

Watu mia tatu walikula, wengine mara mbili, na Falone alicheza mpaka kiatu kikakatika. Mzee Dieudonné alimaliza sahani tatu na hakuuliza lolote kuhusu sufuria, akiamini ziko kwako. Mwambie wewe, mimi ni katibu tu. Kuna wakati aliinuka aende chooni. Watu kama hamsini wakainuka wakasimama nyuma yake, wakidhani chakula kimefunguliwa tena. Nilikuona na wewe ulikuwemo. Ulikuwa wa nne.

Sasa kazi. Kwa mujibu wa kifungu cha nne, Katibu anapaswa kumkabidhi Mwenyekiti mpya orodha ya mali zote za Jumuiya, na pande zote mbili zitie sahihi. Nimekagua, nimewauliza waliokuwepo, na orodha ni hii:

Kifuniko kimoja, kilichoko Lidcombe, ndani ya bahasha.

Tia sahihi hapo chini unirudishie nakala.

Chepkoech
Katibu

Nyongeza: Marie-Jeanne amepiga simu asubuhi hii. Kifuniko cha namba tano kilipotea mwaka 2021. Hicho ulicho nacho ni cha sufuria yake ya nyumbani, alikuazima usiondoke mikono mitupu, na anakihitaji.